Je, wajua kwa nini korona ilifunga baa lakini haikufunga kodi ya pango?

Machi 2020 serikali ya Kenya iliagiza baa zote zifungwe. Jamaa mmoja ninayemfahamu, mwenye baa ndogo kule Mtwapa, alitia kufuli siku ileile, akamtumia mwenye nyumba ujumbe: serikali imefunga, mimi sina kosa, basi kodi isimame mpaka tufunguliwe. Jibu lilifika kabla hajarudisha simu mfukoni. Maneno manne: dawa ya deni kulipa.

Baa zilifunguliwa tena mwishoni mwa Septemba, huku kafyu ikiwa bado inaendelea. Kodi ya miezi sita ilikuwa imelimbikizana. Jamaa akaenda kwa wakili akiwa na imani tele, maana mtu atakulipishaje chumba ambacho serikali yenyewe imekukataza kukitumia? Wakili akamwambia atakulipisha vizuri tu, na kwamba jambo hilo liliamuliwa mwaka 1647.

Hakuwa anatania. Kwa mambo ya mikataba, Kenya inafuata sheria ya Uingereza iliyojengwa na hukumu za mahakama, hukumu juu ya hukumu, karne kwa karne. Mwaka huo wa 1647 mwenye ardhi mmoja, Paradine, alimdai mpangaji wake, Jane, kodi ya miaka mitatu. Jane akajitetea kwamba jeshi la Prince Rupert lilivamia ardhi ile wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, likamfukuza, na hakuvuna hata punje. Mahakama ikasema alipe. Uliahidi kwa hiari yako. Kama ulitaka vita vikuondolee deni, ungeliandika hilo kwenye mkataba.

Ukali huo ulidumu zaidi ya miaka 200. Kisha Juni 1861 ukumbi wa muziki wa Surrey Gardens, London, uliteketea kwa moto siku chache kabla ya tamasha ambalo mtu alikuwa ameukodia, siku nne kwa pauni 100 kila siku. Hukumu ikatoka mwaka 1863: ukumbi ambao mkataba wote umeuegemea umeteketea, hakuna mwenye kosa, basi kila mmoja ameachwa huru na ahadi yake. Hapo ndipo ulipozaliwa ule utetezi ambao wafanyabiashara wengi waliukimbilia wakati wa korona: mkataba umekufa wenyewe kwa sababu ya jambo lililo nje ya uwezo wetu.

Jamaa wetu wa Mtwapa angependa zaidi kisa cha mwaka 1902. Bwana Henry alikodi vyumba mtaa wa Pall Mall kwa siku mbili, pauni 75, ili atazame msafara wa kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Mfalme akaugua kidole tumbo, sherehe zikaahirishwa. Vyumba vilikuwepo, madirisha yalikuwepo, hakuna aliyemzuia Henry kwenda kukaa pale akatazama barabara tupu. Hata hivyo mahakama ilisema hadaiwi salio la pauni 50, kwa kuwa pande zote mbili zilijua msafara ndio uliokuwa kiini cha makubaliano. Kwa nini basi mwenye baa asiseme kwamba na yeye ni Henry?

Jibu liko kwenye kalenda. Henry alikodi siku mbili na zote mbili zikapotea. Mwenye baa alikuwa na mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu, ule muda ambao mawakili wa Kenya wanaupenda mno kwa sababu mkataba wa miaka mitano au pungufu humtumbukiza mwenye nyumba kwenye sheria inayowalinda wapangaji wa maduka na hoteli. (Miezi hiyo mitatu ya nyongeza haijaja kwa bahati.) Mwaka 1981 majaji wakuu wa Uingereza walipata kesi ya ghala moja mjini Hull, lililokodishwa miaka kumi. Barabara pekee ya kulifikia ilifungwa kwa takriban miezi 20, ghala likawa halina kazi. Majaji wakakubali kwamba, kwa nadharia, hata mkataba wa pango unaweza kufa. Ila miezi 20 kati ya miaka kumi haitoshi kuuua. Sasa pima mwenyewe miezi sita ya baa.

Tena kuna jambo lililo zito kuliko muda. Sheria humwonea huruma aliyeshindwa kutenda, si aliyeshindwa kumudu. Oktoba 1956 wafanyabiashara fulani waliuza tani 300 za karanga za Sudan, zipelekwe Hamburg. Novemba Mfereji wa Suez ukafungwa kwa vita. Wauzaji wakasema mkataba umekufa. Mahakama ikawaambia bahari bado ipo: meli ingeweza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na nauli kuwa karibu mara mbili ni hasara yenu. Ukiwa na wajibu wa kulipa fedha, kinga yako ni nyembamba zaidi, kwa sababu machoni pa sheria kulipa fedha hakushindikani. Kunauma tu. Ndiyo maana Uingereza ilibidi bunge litunge sheria maalumu mwaka 2022 ili madeni ya kodi ya biashara zilizofungwa kwa amri yaamuliwe na wasuluhishi.

Upande wa pili wa meza mambo hugeuka. Mwenye ukumbi wa harusi aliyekatazwa kukusanya watu ameshindwa kutenda kweli, na wateja wake wanataka advansi yao. Tanzania, ambayo sheria yake ya mikataba ina asili ya India, imeliandika hili waziwazi: kifungu cha 56 kinasema mkataba wa kitu kilichogeuka kuwa muhali au haramu ni batili, na cha 65 kinamtaka aliyekwisha pokea kitu akirudishe au afidie.

Wafanyakazi nao hawakuwa mzigo wa kutua kando ya njia. Waajiri wengi walikata mishahara au kuwapeleka watu likizo bila malipo kwa tangazo la ukutani. Sheria ya ajira ya Kenya inataka mabadiliko ya masharti yazungumzwe na mfanyakazi na yaandikwe, na anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi na kiinua mgongo kisichopungua siku 15 kwa kila mwaka wa kazi. Korona haikufuta hata siku moja kati ya hizo.

Na bima? Bima nyingi za biashara husubiri moto au maji. Virusi havikubomoa ukuta wa mtu. Waliopona ni wale ambao karatasi zao zilitaja magonjwa waziwazi, kama mashindano ya tenisi ya Wimbledon, yaliyofutwa mwaka 2020 yakiwa na bima ya janga la namna hiyo.

Tangu hapo mikataba mingi imeongezewa mstari wa “magonjwa ya mlipuko” kando ya vita na mafuriko. Wengine hunakili tu, bila kusema kama kodi itasimama, itapungua au itaahirishwa, na mstari wa namna hiyo haumsaidii mpangaji. Wala asiyeuweka kabisa hataweza kusema tena hakulitarajia janga, kwani sasa sote tumeliona. Jamaa wa Mtwapa alilipa nusu ya deni kwa awamu, nusu akasamehewa baada ya mwenye nyumba kuhesabu vyumba vitupu vya barabara ile. Mkataba mpya waliuandika wao wawili, na kwenye ukurasa wa tatu imo sentensi moja: serikali ikifunga, kodi ni robo.