Tiba ya bure ya mbwa na paka: yanayosemwa kwenye foleni na yaliyo kweli

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijitolea Jumamosi kwenye kliniki za bure za wanyama hapa Dar es Salaam. Mimi si daktari. Naandika majina, nashika mbwa wasimng'ate anayewachoma sindano, jioni nafua vitambaa walivyolazwa. Ukikaa kwenye meza ya kuandikisha unasikia mengi. Baadhi ya maneno hayo yanaua wanyama, na moja kati yake linaua watu, hasa watoto. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika.

"Ni bure, kwa hiyo hakuna anayeumia"

Siku moja alikuja kijana na boksi lenye watoto saba wa mbwa wa ulinzi, wa tumbo moja. Alitaka wapewe chanjo zote na dawa ya minyoo. Nikamuuliza kama atawafuga wote saba. Akasema hapana, wiki ijayo wanaondoka, wateja wameshatoa kianzio, kila mmoja anakwenda kwa laki kadhaa. Hakuona tatizo lolote. "Si mmetangaza bure?"

Bure maana yake ni kwamba aliyelipa hayupo pale. Kumfunga kizazi mbwa jike mmoja kunahitaji dawa ya usingizi, dawa ya maumivu, uzi wa kushonea, antibaiotiki, glavu, vifaa vilivyochemshwa, na daktari ambaye siku hiyo ameacha kazi inayomlipa. Kila kimoja kimenunuliwa na mtu, na vyote vimehesabiwa. Siku ileile ya boksi, dawa ya usingizi ilituishia kabla ya saa nane. Aliyekuwa anafuata ni mama aliyetembea kutoka mbali na mbwa wake jike akiwa amemfunga kamba ya katani. Ilibidi nimwambie arudi mwezi ujao. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63. Aliporudi, mbwa alikuwa na tumbo.

Sisemi yule kijana ndiye aliyeimaliza dawa ya usingizi. Watoto wa mbwa hawakuihitaji. Nasema mfuko ni mmoja. Hela iliyonunua chanjo za biashara yake ndiyo ingenunua chupa nyingine ya dawa.

"Wanaodanganya wanajulikana kwa kuwatazama tu"

Hawajulikani. Hapa nawapinga hata wenzangu tunaojitolea nao. Nimemwona dada wa kazi akifokewa kwa sababu mbwa aliyemleta ni wa gharama. Mbwa ni wa bosi, dada ametumwa tu, na hela hakupewa. Nimemwona baba mwenye simu nzuri na shati lililopigwa pasi ambaye kazi iliota mbawa miezi mitatu nyuma. Simu ilibaki, mshahara haukubaki. Kumvua mtu nguo mbele ya foleni ili athibitishe umaskini wake ni ukatili, na matokeo yake anayeihitaji huduma haji tena. Aliyezoea kudanganya haoni haya, atarudi.

Kinachofaa zaidi ni swali moja, kwa sauti ya chini, kwa kila mtu bila kuchagua: leo unaweza kuchangia kiasi gani? Wengi hujibu kwa ukweli. Wapo waliotoa elfu mbili kwa fahari kubwa, na wapo waliotoa gharama yote.

"Chanjo ya kichaa cha mbwa ya bure waachiwe maskini"

Hii ndiyo dhana inayonikosesha usingizi, kwa sababu wanaoishika ni watu wema. Mtu ana mbwa wawili nyumbani, anasikia gari la matangazo likipita na spika, anajiambia, "Nina uwezo wangu, nisichukue nafasi ya mtu." Halafu mwaka unakwisha hajawapeleka popote.

Tiba na chanjo ya kichaa ni vitu viwili tofauti. Mbwa wako akitibiwa kidonda, anapona yeye. Akichanjwa kichaa, analindwa mtoto wa jirani. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili hauna tiba, kwa mtu wala kwa mnyama. Karibu kila anayefikia hapo hufa. Makadirio ni kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, wengi Asia na Afrika, karibu wote wameupata kwa mbwa. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa ni vifo takriban 1,500 kwa mwaka. Watoto ndio wanaong'atwa zaidi, na mara nyingi hawasemi.

Ili mnyororo wa maambukizi ukatike, wanahitajika mbwa waliochanjwa angalau asilimia 70. Sasa hesabu mtaa wako. Wakija wa maskini tu na wa wenye uwezo wakibaki nyuma ya mageti, asilimia hiyo haifiki, na kila chupa iliyotumika imefanya nusu ya kazi. Mbwa hufa, wengine huzaliwa, kwa hiyo kampeni lazima irudiwe. Pemba wanaijua habari hii vizuri. Kampeni za kuchanja mbwa kisiwa kizima zilifanya ugonjwa ukome mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa, ukasambaa, na ukaondolewa tena 2018 baada ya mbwa kuchanjwa upya.

Kwa hiyo kwenye chanjo ya kichaa ya kampeni njoo, tajiri na maskini, na mbwa wako wote. Watoto wa mbwa pia waletwe. Wengi huwaacha nyumbani wakidhani ni wadogo mno. Ukijisikia vibaya, tumbukiza mchango kwenye boksi ukiondoka, lakini usiondoke bila sindano. Hata wale saba wa kwenye boksi, ya kichaa tuliwachoma wote. Ya parvo, ule ugonjwa wa kuharisha damu, tulimwambia yule kijana akanunue mwenyewe. Alinuna, ila alielewa.

Na kwa kuwa nimeligusa hili: aking'atwa mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msisubiri kuona mbwa atafanyaje. Sindano za binadamu ni kadhaa, kwa siku tofauti, na sehemu nyingi familia inazilipia. Chanjo ya mbwa ni nafuu mbali sana.

"Kama huna hela ya daktari, usifuge"

Nimeisikia kutoka kwa watu wanaopenda wanyama kweli. Ila nani anafuga kwetu? Paka anafugwa kwa sababu panya wanakula unga. Mbwa analala mlango wa banda la kuku ambalo ndilo ada ya shule. Kule Lamu, kwenye vichochoro visivyopitika kwa gari, punda ndiye anayebeba mchanga, mawe na saruji, na mwenye punda anakula kwa mgongo wa yule punda. Shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kliniki ya punda pale mwaka 1987, ya kutibu bila malipo. Ukimwambia mwenye punda asifuge, umemwambia aache kazi.

Umaskini hauondoi wajibu, hata hivyo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania ya mwaka 2008 haimwulizi mtu ana shilingi ngapi kabla ya kumtaka asimtese mnyama. Maji safi, kivuli, kamba isiyokata shingo, mzigo unaobebeka: hivyo havihitaji daktari. Ninapoona kidonda cha kamba chenye funza cha wiki tatu, najua tatizo halikuanza na hela. Na mtu anayesema "nitampeleka siku ya bure" huku mnyama anaoza, huyo naye anaitumia vibaya huduma, japo hana senti mfukoni.

"Panadol ni dawa, na paka ni kiumbe"

Parasetamoli, dawa iliyomo kwenye Panadol, inaua paka. Kidonge kimoja kinaweza kutosha. Dawa nyingine za maumivu za binadamu, diklofenaki na ibuprofeni, zinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Kama umeshampa, sema ukifika. Hakuna atakayekugombeza, na daktari atajua pa kuanzia.

"Mwache azae mara moja kwanza"

Kumwacha jike azae kwanza kabla ya kumfunga kizazi hakuna faida yoyote kiafya. Jike asiyefungwa kizazi anaweza kupata usaha kwenye mfuko wa uzazi, na operesheni hiyo ya dharura ni ghali kuliko kumfunga kizazi akiwa mzima. Nimewaona wakifa.

"Madaktari wa mifugo ni wala hela"

Wazee wetu walimjua bwana mifugo wa serikali aliyekuja na dawa za serikali. Baada ya mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, sehemu kubwa ya tiba iliachiwa watu binafsi na gharama ikamwangukia mfugaji. Daktari ananunua dawa dukani kama wewe, analipa pango na umeme, na hana bima ya mbwa wako ya kumlipa.

Lakini wengi hawaulizi bei kwa kuona aibu, wanaletewa hesabu mwishoni, wanakasirika. Uliza kabla. Sema una kiasi gani. Uliza kipi ni cha lazima leo na kipi kinaweza kusubiri, na kama unaweza kulipa kidogo kidogo. Hakikisha anayetibu amesajiliwa na Baraza la Veterinari, maana sindano ya mtu asiyejua huishia kulipiwa mara mbili. Nyumbani weka kibubu cha mnyama. Elfu moja kwa wiki ni elfu hamsini na mbili kwa mwaka.

Na jiungeni. Chanjo ya kichaa mara nyingi huja kwenye chupa ya dozi kumi, ikishafunguliwa haikai. Daktari akiitwa kwa mbwa mmoja, usafiri ni wa mtu mmoja. Akiitwa kwa mbwa kumi wa mtaa mmoja, mnagawana.

Yule mama wa kamba ya katani alifanya hivyo na majirani zake. Watoto wa mbwa wake walipoachishwa kunyonya, alimrudisha jike kwetu. Alifika alfajiri, wa kwanza kwenye foleni, na kabla sijamwuliza akaniambia mbwa hajala tangu jana usiku, kama tulivyomwelekeza kwa ajili ya dawa ya usingizi. Siku hiyo mbwa wawili waliotufikia wakiwa wamekula uji tuliwarudisha. Wake alikuwa mezani saa mbili na nusu.