Pampu ya tishu, na pesa za mjomba

Mjomba wangu wa Wete alinipigia simu usiku. Mwanawe aliyeko Uingereza kamshawishi watie pesa katika kampuni changa ya "pampu ya tishu". "Hiyo ni mashine?" akauliza.

Si mashine, mjomba. Ni kipande cha mwili wako mwenyewe. Mfano ni kampuni iliyotangulia, Medgenics: iliyoingia soko la hisa la London mwaka 2007. Ilikata ukanda wa ngozi wa kama milimita 30, ikautia jeni, yaani maelekezo ya kutengeneza protini, huko maabara, kisha ukarudishwa chini ya ngozi ya mgonjwa yule yule. Humo mwilini unatoa protini wenyewe, kwa mfano EPO, homoni inayouchochea mwili kutengeneza chembe nyekundu za damu. Wanaosafishwa damu Hospitali ya Mnazi Mmoja wanaijua kama sindano, na sindano haziishi. Utamu wa hadithi ndio huo: pachika mara moja, sindano basi.

Ila kutoa protini si kazi. Kazi ni kuendelea kuitoa. Grafu ya wiki za mwanzo hupendeza. Mimi hutazama mwezi wa sita, maana kinga ya mwili huweza kukishambulia kipande na protini ikakauka. Na ikizidi je? Sindano ya wiki ijayo unaiacha tu. Kipande kilichokwishapachikwa hakisikii la mtu, na chembe nyekundu zikizidi damu huwa nzito, mtu akapata kiharusi. Uliza kitazimwa vipi.

Kampuni ikisema "tumefaulu awamu ya kwanza" ya majaribio, maana yake wagonjwa wachache hawakudhurika. Basi.

Halafu pesa. Mjomba hukodi mikarafuu. Hatoi shilingi kabla hajazunguka shamba. Hapa shamba ni akiba ya kampuni iliyoko benki, igawe kwa matumizi ya mwezi. Ikitosha miezi 18 na majaribio yanataka miaka mitatu, zitatolewa hisa mpya ili pesa zipatikane. Ulikuwa na hisa 100 kati ya 1,000. Zikiongezwa 1,000, asilimia 10 yako imekuwa 5 na hujauza hata moja.

Medgenics ilibadili mwelekeo, mwaka 2016 ikabadili na jina, 2020 ikamezwa na kampuni nyingine. Wazo lenyewe lingali hai: Machi 2025 Marekani iliidhinisha Encelto ya Neurotech, kifuko cha seli kinachopachikwa ndani ya jicho kikatoa protini. Mwenye hisa za Medgenics hana chake humo.

"Sasa hiyo ya kwetu ina pesa za miezi mingapi?" mjomba akauliza. Nikamwambia imo kwenye ripoti ya robo mwaka.

"Aisome yeye," akasema, "ndiye aliyeanza."