Faiba Haiponyi Kutu

Wenye matangi ya chuma, Kampala hadi Gulu, huambiwa kwamba resini (gundi ya plastiki inayokauka na kuwa ngumu) na faiba (nyuzi za kioo) vikipakwa juu ya kutu, tangi limepona. Si kweli, na ni hasara kubwa. Faiba iliyoshika kutu hubanduka pamoja nayo. Maji hupenya nyuma yake na kuendelea kula chuma pasipo kuonekana.

Matundu yachomelewe bamba kwanza. Kisha kutu yote ipulizwe kwa mashine inayorusha chembe ngumu hadi chuma kiwe kijivu na chenye mikwaruzo, na chumvi ioshwe, maana ndiyo huleta malengelenge kwenye faiba baadaye. Praima (rangi ya kwanza inayoshika chuma) ipakwe siku hiyohiyo: msimu wa mvua kutu mpya huota ndani ya saa chache. Joto la chuma lizidi kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa hugeuka matone) kwa nyuzi 3 za Selsiasi angalau. Kisha faiba: matabaka mawili ya mkeka wake wa gramu 450 kwa mita mraba hutoa unene wa takriban milimita 2. Rola itoe kila kiputo cha hewa. Resini iwe ya aina inayofaa matangi ya maji ya kunywa.