Kadensi ya baiskeli na namna kihisi kinavyoitoa

Kadensi ni idadi ya mizunguko kamili ambayo pedali za baiskeli hufanya kwa dakika moja. Mtu anayenyonga mizunguko 90 kwa dakika ana kadensi ya 90, awe anapanda mlima kwa gia nyepesi au anakwenda kasi kwenye barabara tambarare kwa gia nzito; kwa hiyo kadensi haipimi mwendo wa baiskeli bali mwendo wa miguu. Vihisi vya zamani hutambua mzunguko pale sumaku iliyofungwa kwenye mkono wa pedali inapopita karibu na swichi iliyo kwenye fremu, na vingi vya sasa hufungwa kwenye mkono wenyewe na kuhisi mzunguko bila sumaku.

Watu wengi hudhani kwamba kihisi hutuma namba 90 kwenye simu au kompyuta ya baiskeli. Katika utaratibu rasmi wa Bluetooth wa mwendo na kadensi, namba hiyo haimo kabisa. Ujumbe, ambao kwa kawaida hutoka kila baada ya sekunde moja hivi, hubeba mambo mawili: jumla ya mizunguko iliyokwisha kuhesabiwa, na saa ambayo mzunguko wa mwisho ulikamilika. Saa hiyo huhesabiwa kwa vipande vya 1/1024 ya sekunde, kipimo kinachoshangaza mwanzoni, lakini fuwele ya madini ya quartz inayoendesha saa nyingi za kielektroniki hutetema mara 32,768 kwa sekunde, na namba hiyo ikigawanywa kwa 32 hupatikana 1,024 kamili. Mfumo wa ANT+, njia nyingine ya redio inayotumiwa na vihisi vya michezo, nao hutumia jumla na saa za namna hiyohiyo, ila hutuma ujumbe takriban mara 4 kwa sekunde.

Kazi ya kukokotoa kadensi huachiwa kifaa kinachopokea. Tuseme ujumbe mmoja unasema mizunguko 1,200 na saa 64,000, kisha mwingine unasema mizunguko 1,203 na saa 512. Saa inaonekana kurudi nyuma, na programu iliyoandikwa bila uangalifu itatoa kadensi hasi. Ukweli ni kwamba saa hiyo ina biti 16 tu, yaani nafasi 16 za kuandika 0 au 1, hivyo ikifika 65,535 huanza tena kwenye sifuri, jambo linalotokea kila baada ya sekunde 64. Tukiongeza 65,536 kwenye 512 tunapata 66,048, na tofauti ni vipande 2,048, yaani sekunde 2. Mizunguko 3 kwa sekunde 2 ni kadensi ya 90.

Naona kwamba utaratibu huu umefikiriwa vizuri sana, kwa sababu mawimbi ya redio hupotea mara kwa mara, hasa mwili wa mwendeshaji unapokuwa kati ya kihisi na simu. Kama kihisi kingetuma kadensi iliyokwisha kukokotolewa, kila ujumbe uliopotea ungekuwa pengo lisilozibika. Kwa kuwa kinatuma jumla, ujumbe wowote unaofuata hubeba pia mizunguko iliyofanyika wakati wa ukimya, na wastani wa kipindi hicho hupatikana kwa usahihi.

Ugumu huja mwendeshaji anapoacha kunyonga. Hakuna mzunguko mpya, hivyo kihisi hurudia jumla ileile na saa ileile, na tofauti ya muda huwa sifuri, namba ambayo haiwezi kugawanya kitu. Ndiyo maana vifaa vingi huendelea kuonyesha kadensi ya mwisho kwa sekunde chache kabla ya kuandika 0. Na kama mteremko ni mrefu kiasi cha kupita sekunde 64 bila kunyonga, saa ya kihisi huwa imezunguka yote: mzunguko wa kwanza ukikamilika sekunde 65 baada ya uliotangulia, hesabu itaonyesha kana kwamba umechukua sekunde 1, na kadensi ya uongo ya 60 itatokea. Kifaa kilichoundwa vyema hulinganisha na saa yake chenyewe, hulitupa jibu hilo la kwanza, na kusubiri mzunguko wa pili.