Sinusi inayorudi rudi na ombi la "dawa kali zaidi"

"Dokta, sinusi yangu imezoea dawa. Amoksilini imegonga mwamba, azithromaisini nayo, sindano za seftriaksoni zimenituliza siku chache tu. Nimekuja kwa bingwa unipe kali zaidi."

Kwenye kliniki ya masikio, pua na koo hapa Mtwara, maneno haya yananifikia kutoka Newala, Tandahimba, Lindi, hata Kilwa. Yananiuma, kwa sababu mtu amelipa nauli kutoka mbali ili aongezewe kitu ambacho kimeshashindwa mara tatu. Dawa ya bakteria ikishindwa mara tatu, swali la kwanza ni kama bakteria walikuwepo.

Mafua ya kawaida huziba sinusi pia, yaani zile nafasi za hewa ndani ya mifupa ya uso. Uso unakuwa mzito, kamasi inageuka njano kisha kijani, halafu mengi yanapoa ndani ya siku 10. Ukianza amoksilini siku ya tano na kupata nafuu siku ya nane, dawa inabeba sifa ya kazi ambayo mwili ulikuwa unaimalizia. Yakija mafua mengine unasema sinusi imerudi, unakwenda tena duka la dawa. Na ukijani wa kamasi hauthibitishi bakteria hata kidogo. Rangi hiyo inatoka kwenye kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu, nazo hupambana na virusi kama zinavyopambana na bakteria. Nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu hata wahudumu wenzetu wanaandika dawa kwa kutazama leso ya mgonjwa.

Bakteria nawashuku dalili zikipita siku 10 bila unafuu wowote, au mgonjwa akianza kupona kisha akazidiwa upya, au akiwa na homa ya nyuzi 39 pamoja na usaha na maumivu makali upande mmoja wa uso kwa siku tatu au nne mfululizo. Hapo antibayotiki ina nafasi yake. Ila sharti malaria iwe imeshapimwa, huku kwetu homa haiachwi hivi hivi.

Sasa kuna kundi ambalo linanisumbua kuliko yote: wanaoumwa kichwa. Maumivu kwenye paji la uso na nyuma ya jicho, mara kulia, mara kushoto. Mwanga unakera, kichefuchefu kinakuja, mgonjwa anataka chumba chenye giza, na kesho yake au keshokutwa yameisha kabisa. Pua inavuja, jicho linatoa machozi, kwa hiyo kila mtu nyumbani ameshakubaliana kuwa ni sinusi. Hicho ni kipandauso. Neva ile ile inayobeba maumivu ya kichwa huhudumia uso na pua, ndiyo maana pua huziba na kuvuja wakati wa shambulio. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowachunguza watu 2,991 walioamini, au walioambiwa na daktari, kwamba wana maumivu ya kichwa ya sinusi. Asilimia 88 kati yao walikuwa na dalili za kipandauso. Sisemi kwamba Masasi tungepata asilimia ile ile. Lakini mama aliyemeza antibayotiki miaka mingi kwa kipandauso amenyimwa tiba iliyopo, na hilo linanikasirisha kwa niaba yake.

Kundi lingine ni la mzio. Chafya mfululizo asubuhi, pua na macho kuwasha, kamasi nyepesi kama maji. Hapo watu hulaumu "nyama za pua" na kutaka zikatwe, wakati mara nyingi ni utando uliovimba kwa sababu ya vumbi la godoro, mende, au moshi wa mkaa. Kusini tuna jambo letu wenyewe: salfa. Kuanzia karibu na Juni mikorosho inapopulizwa dhidi ya ubwiri unga, mashamba yanakuwa manjano, na mpulizaji anarudi nyumbani macho mekundu na pua inachoma. Salfa inakera utando wa pua bila msaada wa kidudu chochote. Pua ikikupa shida kila msimu wa kupuliza na kutulia msimu ukiisha, hiyo tarehe ni kipimo kizuri kuliko eksirei yako. Vaa barakoa, funika macho, upepo uwe mgongoni, oga kabla ya kulala.

Mtu wa mzio namwandikia dawa ya steroidi (ya kutuliza uvimbe) ya kupuliza puani. Anaitumia siku tatu, anasema haifanyi kazi, anarudi kwenye matone ya kuzibua pua. Dawa ile inahitaji wiki kadhaa za kila siku. Inamisha kichwa kidogo, tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto na wa kushoto kwa tundu la kulia, elekeza ncha nje upande wa sikio, usivute kwa nguvu. Ukielekeza katikati unapuliza ukuta wa pua, utatoka damu. Matone ya kuzibua yakipita siku tano hivi yanaanza yenyewe kuiziba pua.

Na kuoshwa sinusi? Wengi huniomba nizitoboe na kuumwaga usaha wote. Sinusi ya shavuni ina tundu lake juu, karibu na jicho, na vinyweleo vidogo sana vya utando husukuma ute kupanda hadi tundu hilo. Hata ukitoboa tundu jingine chini, vinyweleo vinaendelea kuupeleka ute kule kule juu, kama ng'ombe anayeijua njia ya zizi. Ndiyo sababu upasuaji wa sasa, unaotumia kamera ya endoskopi, hulenga njia ya asili. Nyumbani unaweza kuosha pua: nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Maji ya kisima au ya bomba yasiyochemshwa yasiingie puani.

Kitabu kinasema sinusi ya kujirudia ni vipindi 4 au zaidi kwa mwaka, na katikati yake mtu awe mzima kabisa. Shida yangu ni kwamba wengi hunifikia wakiwa katikati hapo, wazima, na vile vipindi vilivyopita siwezi kuapa kwamba vilikuwa sinusi. Picha ya CT nayo hainiokoi kila mara, kwani utando ulionenepa huonekana hata kwa watu wasiolalamika chochote. Kwa mwenye polipu, vinyama laini vinavyoota ndani ya pua, upasuaji hufungua pua, ingawa polipu hurudi kwa wengi. Kwa asiye na polipu, anayeumwa mara kwa mara tu, nasita sana kushika kisu, na wapo ambao hata baada ya vipimo vyote sina jibu la uhakika la kuwapa.

Ninachoogopa zaidi ni cha upande mmoja. Usaha unaonuka upande mmoja, natazama meno ya juu, kwa sababu mizizi ya magego inakaribiana na sinusi. Mtoto mwenye harufu tundu moja, natafuta shanga au punje ya hindi. Mtu mzima mwenye kuziba na damu tundu moja, nataka kipande cha nyama kipimwe maabara mapema. Jicho likivimba au ukiona vitu viwili viwili, au shingo ikikakamaa, nenda hospitali usiku huo huo. Anayerudiwa na sinusi ya kweli namwomba pia apime sukari na VVU, na namuuliza kama ana pumu.

Kwa hiyo njoo ukiwa unaumwa ikiwezekana, uje na maganda ya dawa ulizomaliza na tarehe za kila kipindi. Usianze antibayotiki nyingine njiani.