Ukara: kisiwa cha mchanga kilichojaa watu

Ukara ni kisiwa cha Ziwa Victoria kilichopo kaskazini mwa Ukerewe, mkoani Mwanza. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 80 tu, sehemu kubwa miamba ya granaiti na udongo wa kichanga. Kivuko kutoka Bugolora, upande wa Ukerewe, hutia nanga Bwisya, kisiwani Ukara.

Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12 na ushei, wastani wa watu 14 hivi kwa kilomita ya mraba. Ukara wakati huo ilikuwa na zaidi ya 200. Msongamano wa namna hiyo tumeuzoea kwenye miteremko ya Kilimanjaro, penye udongo wa volkano na migomba. Udongo wa granaiti huchoka upesi, na palipo na nafasi mkulima huuacha upumzike miaka kadhaa. Mkara hakuwa na nafasi hiyo.

Alichofanya ni kuurudishia udongo kila alichouchukulia. Ng'ombe walifungwa ndani ya nyumba, kwenye shimo lililochimbwa sakafuni, wakaletewa majani. Samadi ikarundikana humo hadi msimu ulipofika, ikabebwa kichwani hadi shambani. Katikati ya uwele ilipandwa marejea, mmea wa jamii ya kunde, kisha ukafukiwa ili urutubishe ardhi. Njugumawe nazo ziliingia kwenye mzunguko huo. Kando ya ziwa watu walichimba mashimo hadi kukaribia maji, wakapanda humo nyasi za mifugo. Hata mti ulikuwa na mwenyewe, kwa sababu majani yake ni malisho. Kwa maoni yangu hiki ni mojawapo ya vilimo vya hali ya juu kabisa nchini, na wataalamu wamekuwa wakikifuatilia tangu miaka ya 1930.

Kazi hiyo ni nzito, na haikumtosha kila mtu. Vizazi kwa vizazi Wakara wamehamia Ukerewe na nchi kavu ya Usukuma, palipo na mashamba mapana. Kwa hiyo idadi ya wakazi wa Ukara ni ya waliobaki. Jamii yenyewe ni kubwa zaidi.

Sensa yetu pia humhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya Sensa, ambayo mwaka 2022 ilikuwa Agosti 23. Mvuvi aliyelala dago, yaani kambi ya wavuvi, kisiwa kingine huhesabiwa huko huko, ingawa mke na watoto wako Ukara. Viongozi wa vijiji, mnapotumia takwimu kupanga zahanati au madarasa, ulizeni pia wavuvi wenu wanarudi lini na kwa wingi gani.

Na ulizeni siku ya gulio. Septemba 20, 2018, siku ya gulio la Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Bwisya na kuua zaidi ya watu 200, ilhali uwezo wake ulikuwa abiria 101. Wastani wa abiria wa mwezi mzima hauonyeshi umati wa siku moja ya aina hiyo. Takwimu za usafiri wa kisiwa lazima zikusanywe siku kwa siku, pamoja na mizigo, na wanaozifahamu kwanza ni watu wa mwaloni, pale ufukweni vyombo vinapotia nanga.