Dunia haikumsubiri Columbus ili iwe tufe

"Watu wa kale waliamini dunia ni bapa, mpaka baharia Columbus alipowaumbua mwaka 1492." Hii hadi walimu huirudia darasani, na imenichosha.

Wagiriki wa mwanzo kabisa, kweli, walikosea. Thales alisema ardhi inaelea juu ya maji. Anaximander aliifananisha na kipande cha nguzo, unene wake theluthi ya upana. Hiyo ni karne ya 6 KK. Kufika karne ya 4 KK, mwanafalsafa Aristotle alishatoa hoja zisizopanguliwa. Nyota fulani huonekana Misri lakini ukienda kaskazini huzioni. Na mwezi unapopatwa, ukingo wa kivuli cha dunia ni wa mviringo kila mara. Sahani nayo hutoa kivuli cha duara, lakini iinamishe kidogo uone: kinageuka umbo la yai. Tufe halina upande wa kuinamishwa.

Karne iliyofuata, Eratosthenes wa maktaba ya Alexandria akapima ukubwa wake. Siku iliyo ndefu kuliko zote huko, mwezi Juni, adhuhuri, jua huwa utosini Syene (Aswan ya leo) na kijiti hakina kivuli. Alexandria kivuli kilikuwepo, pembe yake 1/50 ya duara, yaani nyuzi 7.2. Kwa fimbo ya mita 1, hicho ni kivuli cha sm 12.6 tu! Kati ya miji hiyo alihesabu stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Wagiriki). Zidisha kwa 50, unapata 250,000. Anayekuambia jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa amejichagulia urefu wa stadia. Ya mita 157.5 inatoa km 39,375, ya mita 185 inatoa km 46,250. Mzingo halisi kupitia ncha za dunia ni km 40,008.

Badala ya kubishana, pimeni. Dodoma na Songea ziko karibu mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Tarehe 21 Juni, fimbo ya mita 1 iliyosimama wima hutoa kivuli cha sm 57 hivi Dodoma na sm 68 Songea; tofauti ya pembe ni nyuzi 4.5. Wengi huharibu kwa kupima saa 6:00 kamili ya ukutani, wakati huko jua hufika kileleni karibu saa 6:40. Anza saa 6:20, weka alama kila dakika 5, kisha chukua kivuli kifupi kuliko vyote. Fimbo ikaguliwe kwa timazi, si kwa macho.

Na waliompinga Columbus? Hawakusema ataanguka ukingoni. Walisema dunia ni kubwa mno kwa safari ile ya kwenda Asia kwa kupitia magharibi, na hesabu yao ndiyo iliyokuwa sahihi. Columbus ndiye aliyekuwa ameipunguza dunia katika hesabu zake.

Kuna madai mengine mawili kuhusu Wagiriki hao. "Democritus aligundua atomu." Mwanafalsafa huyo alitoa hoja, hakutoa kipimo. Atomu yake, kama jina lisemavyo, haikatiki. Yetu ina sehemu ndani yake, kama elektroni, chembe iliyojulikana mwaka 1897.

"Walikaa wakifikiri tu." Aristotle ameeleza mayai ya kuku yanayoatamiwa, hatua kwa hatua: baada ya siku 3, mchana na usiku, moyo huonekana kama nukta ya damu, nayo inadunda. Huwezi kuyajua hayo bila kupasua yai.